Mawe ya Lango la Mlimani

Hakuna kitu cha kunishangaza mimi. Niliacha shule darasa la tano, nikabeba magunia pale mpakani Sirari mpaka shingo ikaota sugu. Wabadilisha fedha wamenitapeli, na mimi nikawatapeli. Nimelala chini ya malori nikaamka salama. Leo nina Fuso, mashine ya kusaga na nyumba ya bati la rangi hapa Kisaka, na mwalimu wa serikali amepanga chumba kwangu. Mtu akianza habari za mizimu huwa namsikiliza huku nakula.

Kwenye nyumba hiyo alipungua mtu mmoja tu, mama. Baba alipofariki, mama alibaki kwenye kijumba chake chini ya mlima, kifua kinamsumbua, na kila nikimfuata anasema atakuja mavuno yakiisha. Nikaona labda anaogopa wezi wa ng'ombe. Nikaamua kuizungushia nyumba yangu ukuta wa mawe, ukuta ambao hata mkuu wa wilaya hana.

Mawe yalikuwepo. Juu ya mlima ule kuna boma la kale, kuta za mawe yaliyopangwa bila tope wala saruji, zimemzidi mtu kimo. Watu wa zamani walikimbilia humo na ng'ombe wao wavamizi walipokuja. Lango lake ni jembamba, ng'ombe anapita mmoja mmoja. Lilikuwa na mawe mawili marefu ya kusimama, na chini jiwe la kukanyaga, limelainika kama sabuni iliyotumika. Hayo ndiyo niliyoyapenda.

Mwalimu wangu katokea Rukwa na anafundisha historia. Tulipanda naye, akafurahi kuliko mimi. Akanieleza kwamba Ulaya ya enzi za kati ilikuwa hivi hivi, vita kila mahali, mabwana wanajijengea ngome, ndani wanaweka kanisa dogo, padri anabariki lango na panga za askari. Nikamuuliza ngome hizo ziliishia wapi. Akasema nyingi wanakijiji walizibomoa, mawe wakajengea mabanda ya nguruwe.

"Na hawakufa?"

"Walikufa, bosi. Kwa uzee."

Tukacheka. Kesho yake Fuso ilipanda kadiri ilivyoweza na vibarua wakayateremsha.

Lango langu likasimama, watu wakawa wanapita kulitazama. Jioni ya kwanza nafunga, ng'ombe wangu wote wakageuza vichwa kulielekea. Nikasikia mtu nje. Hakubisha. Alikuwa anahema, kama aliyepanda mlima kwa mbio. Nikafungua, hakuna mtu, hata vumbi limetulia. Ikawa ndiyo desturi: nikisukuma komeo tu, wa nje wanafika. Mara kikohozi. Mara kiganja kidogo kinapapasa bati la geti, kwa juu, kimo cha mtoto aliyebebwa mgongoni. Mwalimu alisema ni upepo, ila saa hiyo alianza kufungulia redio kwa sauti kubwa.

Mama alikuja kuuona ukuta, akaishia nje. Nikamwamkia, akaitikia marahaba, huku amelishika lile jiwe refu kama anayempapasa mgonjwa. Mama ni mtu wa kanisa, Jumapili haikosi, lakini Mungu wake na mawe yale ya mlimani hawajawahi kugombana. Akanieleza pale pale kwamba zamani wavamizi walipotokea, lango lilifungwa haraka, na waliokuwa mashambani wakabaki nje, wanawake na watoto wao mgongoni. Waliokuwa ndani waliwasikia mpaka kukawa kimya. Baada ya hapo waliapa juu ya mawe yale, kwa damu ya dume jeusi la ng'ombe, kwamba lango halitafungwa tena mpaka mwenye boma atoe sauti, amwite aliyebaki nje, kisha asubiri.

"Wewe unaita?" akaniuliza.

Nikamwambia, mama, mimi nina kufuli.

"Basi siingii humo mpaka uite."

Kichwa kigumu nilikirithi kwake. Sikuita. Majirani wasikie mtu mwenye Fuso anaita hewa?

Masika yakaingia. Jioni moja mvua inapiga bati, nikafunga, papo hapo kikohozi nje. Nikasema leo sifungui, wamenichosha. Kikaja tena. Nikavuta ugali wangu, nikakaa mgongo mlangoni. Mwalimu aliporudi kutoka kusahihisha mitihani ndiye aliyeniita kwa jina, jambo ambalo hajawahi kulifanya. Mama alikuwa amekaa chini, ameegemea jiwe, mfuko wa nguo zake mapajani. Alikuwa amekuja kuhamia.

"Nilikuwa nasubiri uite," akasema, meno yanagongana.

Homa ya mapafu. Walimwekea oksijeni, nikakaa kwenye benchi la hospitali nahesabu pumzi zake. Alipopata nafuu hakunilaumu. Alisema tu mawe yarudi, yabebwe mabegani, si kwa gari, na aliyeyatoa abebe. Nikabeba, mimi na vibarua wale wale. Bega la Sirari bado lipo.

Tulisubiri apone kwanza, naye akatufuata taratibu, kashikwa mkono na mwalimu. Juu kule tukayasimamisha mahali pake, dume jeusi likachinjwa, jua linazama. Akanipa maneno ya kuita kwa lugha yetu ya nyumbani. Nikaita. Tukasubiri, kisha tukaanza kushuka.

Mama akawa anatembea pembeni, kwenye majani, njia kaiacha tupu. Nikamwambia apite panapopitika, atajikwaa.

"Wapishe," akasema. "Wanapanda."

Mwalimu wa historia ndiye aliyetoka njiani kwanza. Nikamfuata. Baridi ikatupita polepole, ina harufu ya maziwa, na ilichukua muda kuisha, maana walikuwa wengi.

Geti langu sasa lina nguzo za zege. Mama analala chumba cha mbele. Kila jioni naita kabla ya kufunga, kwa sauti ya kusikika, na yeye hajifuniki mpaka nimemaliza. Majirani wacheke. Na kwa wanaopenda kujua mtu kama mimi ilimgharimu kiasi gani, kuteremsha, kupandisha, dume, nguzo na hospitali: shilingi milioni mbili, laki saba, elfu arobaini na mia tano.