Waridi la Mlangoni Lililobaki Jicho Moja

Jua halijatoka, lakini Dang Xiurong ameshamaliza mstari wa kwanza. Kigoda kimefungwa kiunoni kwa mkanda, hivyo akisogea nacho kinasogea. Anakata kichwa cha waridi pori, anaacha jicho, yaani chipukizi la waridi la bustani lililobebeshwa kwenye shina hilo mwaka jana, anahamia shina linalofuata. Hageuki nyuma.

Mstari wa pili yuko Kou Sumei, ambaye wamefanya kazi pamoja miaka kumi na tisa. Naye hawezi kukaa kimya.

"Shoga, la kwako limefunguka?"

"Jani la tatu limetoka. Bado limejikunja."

"Saba hilo, nakuambia."

"Saba ni umri wa akili yako. Kata miti."

Wanawake wa mistari ya jirani wanacheka. Wote wanajua kinachosubiriwa nyumbani kwa Xiurong.

Xiurong, 57, hubebesha mawaridi kwenye kitalu kimoja nje ya mji wa Nanyang, mkoani Henan. Msimu ukichanganya hufunga miche 2,000 kwa siku na kulipwa yuani 180 hivi. Kazi hiyo ameifanya miaka 31. Mamilioni ya mawaridi ya watu yamepita vidoleni mwake.

Kwake hana hata moja. Mbele ya nyumba yake ni sakafu ya saruji. Hapo huanikwa mahindi na karanga, na mumewe, Meng Guangyi, huegesha guta lake la betri.

Sasa anataka bustani, na hataki waridi lolote ila lile la mama yake.

Kwenye nyumba aliyozaliwa, kijiji cha Dangying, waridi hilo lilisimama kando ya mlango. Lilikuwa la pinki iliyopauka, kingo zake nyekundu kidogo. Kila machipuko mama alilowesha mashudu ya ufuta kwenye mtungi uliovunjika mdomo, akalimwagia.

"Yalinuka mtaa mzima," anasema Xiurong. "Majirani walitusema hadi maua yalipotoka. Kisha wakaja kuomba."

Asubuhi za shule mama aliwachomeka watoto wake ua kwenye nywele. "Mimi, na hata mdogo wangu wa kiume. Alilia njia nzima."

Maua yaliyobaki yalipondwa na sukari, yakawekwa ndani ya mikate ya mvuke. Xiurong hununua ya dukani mpaka leo, akiitafuta ile ladha. Anasema haipo.

Kitaluni kila aina ina kibao na jina la kifahari. La mama halikuwa na jina. Aliliita "la mlangoni", basi.

Septemba iliyopita mdogo wake, Xiuwen, alibomoa nyumba hiyo ajenge mpya. Xiurong alipofika, shina lilikuwa limeng'olewa na kuchomwa.

"Dada, nilidhani ni kichaka tu," Xiuwen alimwambia. "Lilikuwa linachana suruali za mafundi."

"Kichaka kilichokulisha mikate," alimjibu, kisha akaanza kupekua matofali.

Alipata tawi moja bichi, lenye macho saba yanayofaa. Alilizungushia taulo lililoloa, na jioni hiyo akayabebesha macho yote kwenye mashina saba ya waridi pori, kila moja kwenye chungu chake. Akafukia viungo kwa udongo ili baridi isiviue.

Mwaka mpya ulipoingia alichukua chaki, akachora duara saba kwenye saruji: mbili mlangoni, tatu kando ya ukuta, mbili getini. Guangyi alisimama akitazama.

"Mama Pingping, guta langu litakaa wapi?"

"Kwani limeolewa hapa?"

Lisemwe wazi: mpango haukwenda vizuri. Macho manne yaligeuka meusi. Mengine mawili yalichipua Machi, na Xiurong akapika tambi za sherehe. Baada ya siku chache akahesabu. Jani la waridi la bustani hugawanyika vipande vitano. La waridi pori lina saba. Majani ya yote mawili yalikuwa na saba. Macho ya waridi la mama yalikuwa yamekufa, na kilichochipua chini ya udongo kilikuwa shina pori.

"Miaka thelathini nawaambia wasichana wapya wahesabu kwanza, wafurahi baadaye," anasema. "Mimi nikaanza na tambi."

Guangyi alimshauri alete miche ya kitaluni, uwanja ujae kwa siku moja.

"Ningetaka waridi tu, ningekuwa nalo zamani," alimjibu.

Limebaki jicho la saba. Majani mawili ya kwanza hayana ushahidi, kwa kuwa mara nyingi hutoka na vipande vitatu tu. La tatu ndilo husema kweli.

Hata nafasi ya kulipanda ilizua ubishi. Guangyi alitaka getini, maana waya wa kuchajia guta haufiki mbali na mlango, hivyo guta lilihitaji kukaa mlangoni.

"Likikaa getini litakuwa la getini," Xiurong alimwambia. Mazungumzo yakaishia hapo.

Mchana anaporudi kutoka kitaluni, guta liko getini. Saruji ya mlangoni imevunjwa, pana shimo la kina cha mkono, na pembeni kuna ndoo ya mashudu yanayonuka kweli kweli.

"Nimenunua waya mrefu," anasema Guangyi. "Usiulize bei."

Xiurong haulizi. Amepiga magoti mbele ya chungu. Jani limefunguka, jekundu bado. Anahesabu kwa macho, mikono nyuma.

"Hesabu wewe," anasema.

Guangyi anavaa miwani. Anachukua muda mrefu kuliko hesabu yenyewe inavyohitaji.

"Tano."

"Rudia."

"Tano, mama Pingping. Niliishia la nne shuleni, lakini tano naijua."

Xiurong anafuta mikono kwenye suruali, ingawa haijagusa kitu. Mwaka huu hataliacha lichanue. Kila tumba atalikata ili shina lipate nguvu. Septemba atachukua macho sita kwa ajili ya duara sita zilizobaki. Ua la kwanza analitarajia Mei ya mwakani, na ameshaamua ni la nani.

"La Xiuwen. Atakuja hapa, ataketi, nami nitamchomeka kwenye nywele hizo chache alizobakiwa nazo," anasema. "Akitaka kulia, alie."