Bakuli la Tatu

Miaka ile baada ya vita, ukungu wa Songea ulishuka hadi kwenye kuta za boma, na watu walipita ndani yake kama wanaoota. Daimu, Myao wa Namasakata, alikuwa mkalimani wa boma hilo. Mzungu mkuu wa boma alisema Kiswahili chake, Daimu akakigeuza Kingoni, na kila mara alianza hivi: Bwana Mkubwa anasema. Bwana Mkubwa anasema mtabeba mizigo. Bwana Mkubwa anasema viboko hamsa ishirini. Waliohukumiwa hawakumtazama Mzungu. Walimtazama Daimu.

Nyumbani maneno yaliendelea kumtoka. Mkewe Zabibu akimwomba waende shambani pamoja, alijibu, "Bwana Mkubwa anasema kesho." Binti yao akilia, "Bwana Mkubwa anasema nyamaza." Mwenyewe hakujisikia.

Zabibu hakugomba. Mwaka ule wa njaa, ugali wa ulezi ukiwa wa kugusa tu, akaanza kupakua bakuli la tatu, zaidi ya la mumewe na lile alilokula yeye na mtoto.

"La nani hilo?"

"La mwenzako, Bwana Mkubwa. Anaongea humu kutwa, alale na njaa?"

Daimu akalipiga teke. Kesho yake likawekwa tena, na Zabibu akatuma ujumbe kwa kaka yake. Kwa Wayao kaka ndiye msimamizi wa dada zake. Akisema, "Turudi," mke anarudi kwao na watoto wake.

Hamisi, kaka mtu, alifika jioni moja baada ya siku nyingi za njia, miguu imepauka kwa vumbi. Akaketi mkekani.

"Shemeji, maneno ya boma nimeyasikia njia nzima. Ya kwako bado. Sema, nimchukue dada yangu au nimwache?"

"Bwana..." Daimu akaanza, akasita. Mvuke wa ugali ulipanda kati yao, ukamficha uso. Aliporudia ilikuwa kwa Kiyao, polepole, kama mtu anayevuka mto asioujua kina chake.

"Mimi nasema. Leo kulikuwa na mzee. Aliniita mwanangu, nami nikamtamkia viboko. Nikifika hapa namwogopa huyu mtoto, asije akanitazama kama yule mzee."

Mtoto alikuwa amesinzia magotini pa mama yake.

"Mwaka mzima," Zabibu akasema, "leo ndiyo kwanza umerudi kutoka kazini."

Akalichukua bakuli la tatu, akalisogeza mbele ya kaka yake.

"Kula, kaka. Mwenyewe haji leo."