Mistari ya Mawe kwenye Plasta

Baba yangu alikuwa mwashi. Kuta nyingi za mawe pale Naro Moru, chini ya mlima, zilipita mikononi mwake, na nilipopata kipande cha shamba kando ya kwake, aliniomba kitu kimoja tu: jiwe la kwanza la nyumba yangu aliweke yeye, hata kama ni kwa kushikiwa. Magoti yalikuwa yameshamkatalia na jiwe hakuliweza tena. Nikamwahidi, huku nikijua nimeshaagiza paneli.

Paneli zenyewe ni povu gumu jeupe lililobanwa kwa wavu wa waya. Unazisimamisha, unazifunga, unazipiga plasta pande zote mbili. Kwa baridi ya mlima ule sijaona ukuta mzuri zaidi. Lakini ningemwambiaje mwashi kwamba nyumba ya mwanawe ni ya povu? Niliona haya, na sitajitakasa hapa: nilihofia pia vicheko vya majirani. Basi nikampeleka kwa dada yangu anayeishi mtaa wa Skuta, mjini, ati awe karibu na hospitali magoti yaangaliwe. Alikaa huko wiki tano. Kila aliponipigia simu kuuliza kama mawe yamefika, nilimjibu kuwa lori limekwama.

Uongo huzaa uongo. Plasta ikiwa bado mbichi, niliwaagiza mafundi wa paneli, watu wa jijini, waichore mistari ili ukuta uonekane wa mawe. Walichora, nami nikasimama barabarani nikijipongeza. Mjinga mimi.

Siku ya maombi ya kufungua nyumba, dada yangu alimrudisha baba, na wazee wa kanisa wakaja. Mmoja wao akausifu ukuta. Baba akasogea, akapitisha kidole kwenye mstari mmoja uliosimama, kutoka juu hadi chini, bila kukatika popote. Mwashi hapangi hivyo. Jiwe la juu hulalia maungio ya mawe mawili ya chini, la sivyo ukuta hupasuka. Mawe yangu ya uongo yalikuwa yamepangana kama miraba ya daftari la hesabu. Kisha akagonga kwa kifundo cha kidole, akasikiliza. Nilitamani ardhi inimeze.

"Hii kazi ni wewe ulifanya, mzee?" yule mzee wa kanisa akamuuliza.

"Ni mimi," baba akasema. "Siku hizi mkono yangu imezeeka. Hata laini inanipotea."

Huyu ndiye mtu aliyewahi kuacha kazi kwa kukataa kuficha ukuta mbovu wa tajiri. Sasa alijitwika ubovu wangu, tena muda mfupi kabla ya maombi. Wazee wakamhurumia, wakamwambia umri hauna huruma. Mimi, badala ya kufungua mdomo, niligawa chai.

Walipoondoka nikaketi karibu naye nikamweleza yote, hata habari ya lori. Hakunigombeza. Aliomba aione hiyo paneli. Nikamletea kipande kilichobaki, kirefu kuliko yeye. Akakishika kwa mikono miwili, akakiinua hadi kifuani, akakishusha polepole. Akakiinua tena.

"Sasa hii, si hata mimi ningebeba nikaiweka?" akasema.

Nyumba ilikuwa imeshakwisha.