Nilivyounda chombo cha angani kwa soli za ndara, Kisauni

Assalaam aleikum wakuu, na wengine nyote hamjambo.

Nimesoma hapa vijana wakielezana namna ya kupaka rangi visanamu vya gemu za mezani, nikacheka peke yangu. Haya yalinipata mwenyewe, wallahi sitii chumvi.

Mwanzo wa miaka ya tisini nilikuwa nakaa Kisauni. Kazi yangu kushona kofia za viua, zile za vitundu vidogo vidogo vinavyozungushwa uzi. Aliyenifunza ni mke wangu, Bi Zuhura. Kwao ni kazi ya ukoo.

Jirani yangu Mwakio, Mtaita, fundi wa mitambo machimboni Bamburi, aliletewa na nduguye baharia sanduku la visanamu vya madini ya risasi: majoka yenye mbawa, mazimwi, askari wa sayari nyingine. Kila kimoja kama kidole gumba. Jumamosi yeye na wenzake huvipanga mezani wakapigana vita.

"Mzee, mkono wako wa kofia ndio tuutakao," akanambia. "Sisi tumevipaka kama ukuta wa choo."

Akanipa joka moja nijaribu kulipaka.

Wakuu, mkono uliniwasha! Lakini Bi Zuhura alisimama mlangoni.

"Sanamu haliingii nyumba hii. Malaika watapita wapi?"

Sikubishana, alikuwa na haki. Nikalitia joka mfukoni mwa kanzu nimrudishie mwenyewe, roho yaniuma. Adhana ikanikuta njiani, nikaingia msikitini.

Nilipoinama kwenye rukuu, joka likachomoka mfukoni. Ti! Likasimama wima mbele ya safu, mbawa wazi.

Tulipotoa salamu, Maalim aliyetuswalisha akageuka, akalitazama, kisha akanitazama mimi.

"Na huyu mgeni, ametawadha?"

Msikiti mzima tulicheka, Mungu atusamehe.

Nikamweleza yote, nikamuuliza kama niache kabisa. Akasema, "Chenye roho usikiunde wala usikipambe. Nyumba, miti, vyombo, unda upendavyo." Najua maulamaa wana kauli zao katika jambo hili. Mimi nilishika ya mwalimu wangu.

Nikaenda kwa Mwakio. "Askari tafuta mwengine. Mimi nitawaundia ngome na vyombo vya kupandia."

"Afadhali, Mzee! Saa hizi ngome yetu ni kopo la maziwa."

Nikaokota soli za ndara zilizotupwa na bahari, nikazichonga kwa wembe, nikazigandisha kwa gundi, nikapaka rangi ya fedha. Kikatoka chombo cha angani, mashaallah. Nikakiweka barazani. Ndani sikuthubutu.

Bi Zuhura akapita. Akapita tena. Akakiinua.

"Mna mtu humu?"

"Hamna."

"Wala jicho?"

"Wala jicho."

Akakigeuza, akakisogeza karibu na uso.

"Na madirisha haya katoboa nani? Yote yamekwenda upogo! Watu watasema ndivyo nilivyokufunza. Lete sindano."

Akaingia nacho ndani, akaketi kitandani, akayatoboa upya moja moja, kwa mstari wa kofia za kwao. Mwakio alipokiona akaliondoa kopo la maziwa mezani.

Nilichojifunza: ukikatazwa jambo kwa haki, usikasirike wala usikate tamaa. Uliza kwanza halali inaanzia wapi. Mimi nilikuta nafasi tele, na mwenzangu ndani yake. Alhamdulillahi.

Haya wachongaji, nyinyi mwatumia nini siku hizi? Na nyumbani wanasemaje? Uwanja wenu.