Mnada wa Uji

Huko ughaibuni, treni ya kwenda kazini Sutton Coldfield ilimbembeleza Truphosa kila asubuhi, akawa analala kabla ya kituo cha Erdington. Na akilala aliota mji mmoja tu: Aalsmeer, Uholanzi, ambao hajawahi kuukanyaga. Miaka sita huko Naivasha alikuwa amepanga mawaridi kwa urefu wa vikonyo na kufunga masanduku yenye jina hilo. Siku za mwanzo alidhani Aalsmeer ni tajiri fulani mwenye wapenzi wengi.

Sasa alikuwa mlezi katika makao ya wazee, na katika chumba cha saba akaukuta mji wenyewe umevaa sweta. Bi Neeltje, miaka tisini na mmoja, alizaliwa Aalsmeer, akaolewa na fundi wa kiwanda cha magari cha Longbridge, hakurudi. Siku akili yake ikiwa nyumbani, alisimulia jinsi watu wa kwao walivyochimba udongo wao, ule mweusi unaowaka ukikauka, na kuuchoma kama kuni, mpaka maji yakaingia shimoni. Yaani mtu apasue kitanda chake achemshie chai, halafu ashangae analala chini. Baadaye ziwa kubwa la jirani likakaushwa. Watu wakauza stroberi, kisha wakageukia maua, na baba yake alipeleka ya kwake mnadani kwa mashua. Bendera ya mji ilining'inia juu ya kitanda: nyekundu, kijani, nyeusi. Stroberi, majani, udongo. Truphosa alipoiona mara ya kwanza alidhani kuna mtu aliyeshona ya Kenya akiwa amelewa.

Jumatatu moja Bi Neeltje akaacha kula. Hakuumwa kitu, mdomo ulifungwa tu. Siku ya nne meneja akasema, kwa ule upole wa watu wenye fomu mkononi, kwamba asipokula leo, kesho anapelekwa hospitali. Truphosa alishawaona wazee wa namna hiyo. Huondoka na begi dogo, na kinachorudi ni begi.

Akaingia na bakuli la uji. Kewal mpishi, Singasinga mzaliwa wa Kisumu, akasimama mlangoni kuangalia. Truphosa akabembeleza, akaimba, akasihi. Bure. Mwisho akakumbuka kanisani kwao, ambako kuku wa sadaka hupigiwa mnada mpaka afikie bei ya mbuzi.

"Uji huu nauuza," akasema. "Tunaanza na moja. Nani ana mbili? Mzee Kewal ametoa tatu."

"Mimi sijatoa kitu," Kewal akasema. "Huo uji naujua."

Bi Neeltje akafungua jicho moja.

"Nani alikufundisha kuuza?" Yalikuwa maneno yake ya kwanza tangu Jumatatu. "Kwetu bei hushuka, mtoto. Hushuka."

Hapo Truphosa akaikumbuka saa ya mnada aliyosimuliwa na bibi huyo: mshale huanzia bei ya juu ukateremka, wanunuzi kimya, na wa kwanza kuusimamisha ndiye mwenye mali. Ukiwahi, umelipa ghali. Ukichelewa, jirani kaondoka na maua yako.

Akaanza upya. Mia. Tisini na tisa. Tisini na nane. Sauti yake ikawa laini kama maji yanayopita chini ya mashua, na chumba kikaanza kuelea. Akayaona masanduku yake yakipita kwenye vigari, mawaridi ya Naivasha bado yana baridi. Arobaini. Ishirini. Mkono wa bibi umelala juu ya blanketi. Kumi. Tisa. Nane. Saba.

Mkono ukapiga meza.

"Wangu," Bi Neeltje akasema, akafungua mdomo.

Alinunua vijiko kumi na vinne, kila kimoja akikisubiri kishuke bei. Meneja akachungulia, akaondoka na fomu yake. Kewal akalalamika kwamba ukoo wake wote wa wapishi haujawahi kuona chakula kikiporomoka hadi saba. Truphosa akamwambia ashukuru kimepata mnunuzi.

Jioni hiyo alilala kwenye treni mpaka akapitishwa kituo chake. Ndotoni alikuwa chini ya ile saa ya mnada, na kwa mara ya kwanza akamwona anayeyapokea masanduku yake. Alivaa sweta, na hakuwa na haraka.