Safari ya Kavumu Kutafuta Usukani wa Kushoto

Saa kumi na moja na dakika arobaini na mbili alfajiri simu iliita nyumbani kwangu Nguba, mjini Bukavu. Alikuwa Deo, mume wa dada yangu, mwalimu wa sekondari ambaye hajawahi kuamka kabla ya kengele ya shule.

"Beau, uko lala?" Huniita hivyo kwa kukata beau-frère, yaani shemeji. "Iko gari moja Kavumu. Volant iko gauche. Mutu mwengine anakuya kuichukua saa ine."

Usukani wa kushoto au la, nilimwambia asitume pesa kabla sijaliona gari. Alikuwa ameshatuma akonto, malipo ya awali, ya dola mia mbili kwa simu.

Hapa kwetu sheria inatupitisha upande wa kulia, lakini magari tunayoyamudu yanatoka Japani na usukani wake uko kulia vilevile. Dereva anakaa upande wa mtaro. Akitaka kulipita gari la mbele, anayeona kama lori linakuja ni abiria wa kushoto, ambaye mara nyingi amelala. Kwa hiyo gari la usukani wa kushoto ni anasa, na bei yake inalijua hilo. La Kavumu lilikuwa la dola elfu tano na mia mbili. Deo aliipata pesa hiyo kwa kuuza shamba la mikaratusi aliloachiwa na baba yake. Alitaka kubeba abiria wa uwanja wa ndege. Shamba jingine hana.

Mimi si fundi. Magari nilijifunza jioni, baada ya kazi, katika vitabu vya Kifaransa, kwa miaka ishirini. Nina daftari lenye mambo thelathini na moja ya kukagua kabla ya kununua gari, na sijawahi kuruka hata moja.

Saa kumi na mbili na nusu tuliondoka kwa gari langu. Nilipoliwasha, mama wa Kijapani aliyemo ndani ya dashibodi alisema neno lake la kila asubuhi. Nusu ya Bukavu inasalimiwa na mama huyu na hakuna anayejua anasema nini. Jirani yangu, katekista, humjibu amina. Mimi niliyaandika maneno yake silabi kwa silabi nikampelekea mtu aliyesoma huko. Mama anasema kadi ya kulipia barabara haimo. Kwa miaka saba amedai kadi kwenye barabara ambayo malipo yake hukusanywa kwa kamba iliyovutwa kati ya miti miwili.

Tulipokuwa tunatoka mjini gereji zilikuwa zinafunguliwa, nikageuza uso. Mafundi wetu wana imani moja kubwa: kwamba kalorstati, kile kidude kinachozuia maji ya injini yasizunguke kabla ya kupata joto, kiliwekwa kwa ajili ya baridi ya Wazungu. Hukikata siku gari linapowasili, kama mkunga anavyokata kitovu. Tangu hapo injini inakunywa mafuta kupita kiasi maisha yake yote, na mwenye gari anamlaumu muuza mafuta.

Baada ya soko la Mudaka tulianza kupitwa na madereva wanaowahi ndege. Kwenye televisheni nimeona mbio ambapo watu ishirini hubadilisha matairi manne kwa muda wa kupiga chafya. Siwaheshimu sana. Wapewe jeki ya kuazima, matope na abiria saba wenye masanduku, kila mmoja akitoa ushauri, ndipo tuzungumze. Macho yangu ya kushoto siku hiyo yalikuwa Deo, naye alikuwa anatazama picha za gari kwenye simu.

"Pita," alisema bila kuinua kichwa.

Sikupita. Lori la kabichi likatokea kwenye kona, limejaa mpaka juu. Deo aliniambia kwamba sasa nimejionea kwa nini anataka usukani wa kushoto.

Saa mbili na dakika kumi tulifika Kavumu, nyumbani kwa Papa Bahati, mwenye gari, mstaafu aliyekuwa akitunza ghala la kahawa. Mke wake, Maman Bahati, alitupa chai ya maziwa kabla hatujaeleza shida yetu. Gari lilikuwa uani, la kijivu, safi kuliko vikombe.

Nilianza kukagua. Papa Bahati mwenyewe alizunguka hadi mlango wa kulia, akainama, akavuta mkono wa kufungulia boneti. Niliandika: boneti inafunguka. Oili ilikuwa safi. Injini ilikuwa bado na kalorstati yake, na nilikaribia kumkumbatia mzee wa watu. Juu ya dashibodi palikuwa na miwani. Niliuliza ya nini.

"Ni ya muvua," alisema Papa Bahati. "Muvua ikinyesha, macho yangu inakufa upande moja. Docteur alinipatia hizi, dollars soixante."

Niliandika: muuzaji ni mkweli. Jambo la thelathini na moja ni kuliendesha gari. Nililiendesha hadi karibu na uwanja wa ndege na kurudi, chini ya jua kali, na halikutoa hata mlio. Nikafunga daftari.

"Deo," nilisema, "lipa."

Kwetu mauziano ya ng'ombe hufungwa kwa kasiksi, pombe ya ndizi. Mnunuzi akishaonja, ng'ombe ni wake, hata akifa njiani. Siku hizi na magari yanafuata sheria ya ng'ombe. Deo alihesabu noti juu ya meza ya barazani, na Maman Bahati akaenda kuleta mtungi.

Ndipo mvua ikaanza, kama inavyoanza kwetu, bila taarifa. Papa Bahati aliniomba tulisogeze gari chini ya bati. Nilikaa kwenye usukani, yeye akakaa kulia kwangu, nikawasha esuiglasi, yale mafagio mawili ya kioo cha mbele. Fagio refu lilimsafishia Papa Bahati dunia nzima. Mbele yangu fagio fupi liliacha kona kubwa yenye umbo la sambusa, na ndani yake sikuona kitu.

Papa Bahati aliniangalia kwa huruma, akachukua miwani na kunipa.

"Vaa, papa. Ni uzee. Mimi pia ilinianza ivi."

Sikuivaa. Niliinama upande wake nikainua zulia. Chini yake palikuwa na tundu lililozibwa kwa bati, mahali ambapo nguzo ya usukani ilipita zamani. Nilipomulika chini ya usukani wangu niliona chuma kilichoungwa kwa kulehemu, kazi ya mtu aliyezoea vitanda. Gari lilizaliwa kulia. Mtu alihamisha usukani, akasahau mafagio na mkono wa boneti.

Nilipoinua macho, Deo alikuwa na kikombe cha kasiksi mkononi barazani, na mvua ilikuwa inapiga bati kiasi kwamba hangenisikia. Nilipiga honi. Honi ni jambo la kumi na saba. Ilifanya kazi vizuri sana. Kikombe kilisimama karibu na mdomo.

Nilimweleza kila kitu nikiwa nimelowa.

"Beau, karatasi yako ilisema nini?" aliuliza.

"Ilisema ulipe."

"Na weye, unasema nini?"

"Kamata feza zako."

Aliweka kikombe chini kikiwa kimejaa. Papa Bahati alitazama chini ya zulia kwa muda mrefu. Naye aliuziwa hivyo hivyo, miaka miwili iliyopita, na kasiksi yake aliimeza. Kisha aliuliza jambo moja tu.

"Sasa macho yangu iko mazima?"

Nilimwambia ndiyo. Alihesabu akonto ya Deo, akarudisha mia moja na arobaini.

"Hii soixante ni ya lunettes," alisema, akatukabidhi ile miwani ya dola sitini. "Mubaki nazo."

Saa nne kasoro dakika chache tulipoondoka, mvua ikiwa imekatika, mnunuzi wa pili alikuwa anashuka kwenye pikipiki. Papa Bahati alikuwa ameshaanika zulia kwenye ua, na milango ya gari ilikuwa wazi, tundu la bati likionekana.

Njiani kurudi Deo alikuwa macho yangu tena. Simu ilikuwa mfukoni na noti zilikuwa ndani ya shati. Kila kona alisema "bado" hadi Mudaka. Niliyojifunza yamo daftarini: orodha yangu niliinakili kutoka kwa watu ambao hawakuwahi kufikiri kwamba usukani unaweza kuhama. Sasa ina jambo la thelathini na mbili, nalo linahitaji ndoo ya maji ya kumwagia kioo cha mbele. Hasara ya safari yote ilikuwa dola sitini, na nilizilipa mimi.