Mfunga Nzi wa Malaz

Roselyne Chelang'at hakuwahi kuvua samaki hata mmoja maishani mwake. Hata trauti, samaki wa mito ya baridi, alimwona kwenye kalenda tu. Lakini kwa miaka sita, katika karakana moja ya Kericho, kazi yake ilikuwa kufunga nzi. Si nzi wa jalalani, la! Nzi wa bandia, manyoya na uzi juu ya ndoana ndogo ajabu, wanaopelekwa Ulaya na Marekani ili watu wenye nafasi wakawadanganyie trauti wa mito ya milimani. Karakana ilipofungwa, akafanya walilofanya wenzake wengi mwaka ule wa 2010: akapanda ndege kwenda Saudia kufanya kazi za nyumbani. Binti yake Miriam, aliyekuwa ndiyo kwanza anajifunza kusimama, akamwachia dada yake.

Huko Riyadh, mtaa wa Malaz, alipata nafuu ambayo wengi hawakuipata. Kafili wake, yaani mwajiri aliyemdhamini kisheria, Mzee Haroub, alikuwa Mzanzibari aliyeletwa Saudia mtoto baada ya mapinduzi ya sitini na nne, na mkewe Badriya vivyo hivyo, kwa hiyo nyumbani walisema Kiswahili. Walimlisha, hawakumpiga. Huko hilo lilihesabiwa kuwa bahati, na inanikera hata kulisema. Pasipoti yake ilikaa kwenye kabati la mzee kama ya mfanyakazi mwingine yeyote.

Mkataba ulikuwa wa miaka miwili, ukomo wake Mei. Kwenye simu Miriam alikuwa ameshaanza kumwita huyo dada wa Roselyne "mama". Siku aliyoyasikia hayo, Roselyne alilia akipiga pasi, akajifuta kwa shati la bosi, akaendelea. Alichotaka ni kimoja tu: huruji, ile karatasi ya kutoka nchini, ambayo haipatikani bila saini ya kafili. Mzee Haroub alikuwa ameahidi mbele ya mkewe. "Mei ikifika tu, Rozi. Miye si mtu wa maneno mawili."

Mwezi Machi, akipangusa vumbi chumbani kwa mzee, Roselyne akafungua kisanduku cha bati. Ndani akakuta nzi ishirini, hoi bin taabani, manyoya yamenyonyoka, nyuzi zimechomoza. Alijua bosi alisomea Marekani, kwenye majimbo ya milima ya magharibi, na kwamba kila baada ya miaka michache hurudi kule kusimama mtoni na fimbo yake ya kuvulia. Akamwonea huruma. Karakanani nzi mbovu alikuwa na dawa moja: unamkwangua kwa wembe, unabakiza ndoana ili ifungiwe mwingine. Akatafuta wembe. Kufikia adhuhuri ndoana ishirini zilikuwa kwenye sahani, zinang'aa, na yeye amejaa furaha.

Mzee aliporudi kutoka kazini nusura azimie.

"Yarabi! Umewafanya nini?"

"Zilikuwa zimeharibika, baba. Nimekusafishia."

"Zimeharibika nini? Wameng'atwa hao! Kila mmoja namjua samaki aliyemng'ata!"

Badriya alicheka mpaka akatafuta pa kukaa. Roselyne hakucheka. Aliiona huruji yake inapeperuka.

"Nitakufungia zingine, baba. Hiyo ndiyo ilikuwa job yangu."

Kesho yake akachomoa manyoya kwenye kipangusio cha vumbi cha madam, akabana ndoana kwa koleo, akachukua uzi wa cherehani. Robo saa haikuisha, nzi yuko mezani. Mzee akamgeuza, akavaa miwani, akamgeuza tena.

"Kumbe ndo nyinyi mnaowafunga!" akasema. "Na miye nahangaika kuwaagiza Marekani!"

Heri asingejua. Mzee akaleta jiliwa ndogo ya kubania ndoana, akaleta manyoya ya jogoo ya kila rangi. Kila alasiri Roselyne akawa haguswi na deki wala vyombo, ni kufunga nzi tu. Safari ya mzee ilikuwa Juni na alitaka nzi arobaini. Aprili nzima huruji haikutajwa. Roselyne alipouliza, mzee akatabasamu.

"Sasa weye uende wapi, Rozi, na mkono kama huo? Nishakuandikia miaka miwili mingine."

Aliyasema kwa furaha, kana kwamba anatoa zawadi. Hicho ndicho kilichomchoma Roselyne, afadhali angetukanwa.

Akarudi kwenye jiliwa yake, akafunga mpaka arobaini wakatimia. Mei ilipoingia mzee akaja kuwachukua, akakuta kila nzi ana uzi mrefu unaoning'inia, umeshikwa na kibanio cha nguo.

"Nyuzi za nini hizi?"

"Bado fundo la mwisho, baba. Bila hilo zinafumuka." Akaachia kibanio kimoja, akavuta. Manyoya yakamwagika mezani, ikabaki ndoana tupu. "Karatasi yangu kwanza."

"Unanitisha, Rozi?"

"Sikutishi. Ukikataa nitapika, nitapiga deki hiyo miaka miwili yote, vile umeandika. Lakini fundo sifungi."

Mzee akanyakua nzi ajifungie mwenyewe. Akafumuka. Akachukua wa pili, akafumuka. Wa tatu akamchoma kidole, naye akafumuka. Badriya alikuwa amesimama mlangoni muda wote, na safari hii hakucheka.

"Haroub, mtilie saini mtoto wa watu. Ulimuahidi, na mimi nilikusikia kwa masikio yangu."

Akatia saini, amenuna. Roselyne akaisoma karatasi mara mbili, akaikunja, akaitia kifuani. Kisha akavuta kiti, akafunga mafundo thelathini na sita yaliyobaki.

Mzee akaketi mbele yake na kumjaribu kila nzi, akivuta kwa nguvu zake zote, anamtafuta yule aliyelegezwa kwa kisasi. Alimaliza wote thelathini na sita, hakumpata. Hapo ndipo alipoona haya, akashindwa kumtazama Roselyne usoni mpaka siku ya uwanja wa ndege.